Shahidi wa Ta Projestus

Kama kuna mtu Kanazi nzima aliyewachukia sokwe bila kuwahi kumwona hata mmoja, ni Ta Projestus. Miaka yote alisimama kidete kwamba damu yake haina undugu na mnyama, na anayesema vinginevyo akaseme kwingine, si mbele ya watoto wake. Aliyekuwa akisema vinginevyo ni Kokuberwa, binti wa kaka yake, na kazi yake ilikuwa ndiyo hiyo. Alisoma jenomu za sokwe, yaani urithi wote ambao kila kiumbe hubeba ndani ya chembe za mwili wake, akitafuta humo walikotoka, walivyotengana na walivyochanganyikana tangu enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kusimulia.

"Nyani wako hawajambo?" Ta Projestus humsalimu hivyo kila Krismasi, tena kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Sokwe, baba mdogo. Nyani ana mkia."

"Na wewe huna? Hebu geuka tuone."

Watu hucheka, na Kokuberwa naye hucheka, kwa sababu utani wa Krismasi haumvunjii mtu nyumba. Baba yake, Mzee Rwekaza, alikuwa akicheka kuliko wote, halafu anamwita binti yake akae karibu naye amweleze tena, polepole, hiyo habari ya sokwe. Hakuikubali hata siku moja. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na alijua Mungu alimuumba nani siku gani. Lakini alikuwa anapenda kusikiliza mtu anayejua kazi yake.

Sasa Mzee Rwekaza alikuwa kaburini, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba yake, na utani ulikuwa umekwisha.

Kokuberwa alikuwa mtoto wake pekee. Na kwa mila ya ukoo wao, mtoto wa kike ni wa kupita. Analelewa, anasomeshwa, analiliwa akiumwa, lakini kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba na mibuni, hakimhusu. Kikishakosa mtoto wa kiume, kibanja kinarudi kwa ndugu wa baba. Ndugu wa baba alikuwa Ta Projestus, na mwanawe Gozbert ndiye angekalishwa kwenye kiti cha marehemu siku ya kumaliza matanga. Gozbert mwenyewe alikuwa kijana mpole, muuza vipuri vya pikipiki mjini Bukoba, asiyejua kupogolea hata mgomba mmoja. Tayari ilisikika kwamba mibuni mikongwe itang'olewa na mahali pake ipandwe mikaratusi.

"Na Mama Koku?" mtu aliuliza msibani.

"Mama Koku atarudi kwao Ngenge, akapumzike," alijibu Ta Projestus.

Akapumzike! Ma Agnetha, mama yake Kokuberwa, alitoka Ngenge, kule Muleba, akiwa msichana, akaolewa kwenye kibanja kilichochoka, na migomba yote unayoiona leo aliipanda yeye, akaibebea samadi kwa kichwa chake, kapu baada ya kapu. Leo aambiwe akapumzike kwa kaka zake waliokwisha kufa. Kokuberwa alilisikia neno hilo akiwa amebeba sinia la chai, na alilibana sinia mpaka vidole vikauma. Aliwakasirikia wote. Alimkasirikia hata baba yake, maana mzee yule mwenye maneno mengi aliumwa kwa muda mrefu, akapata nafasi ya kusema kila kitu, na hili hakulisema.

Na si kwamba hakuwa na maneno. Mzee Rwekaza ndiye aliyekuwa akitaja wahenga wa ukoo kwenye kila shughuli. Alianza na yeye, akaenda kwa baba yake, kwa baba wa baba yake, akarudi nyuma bila kupumua mpaka kwa yule wa kwanza aliyekuja na ng'ombe wake. Kokuberwa alipokuwa mdogo alimuuliza, "Na mama zao?"

"Mama zao walikuwepo," alijibu baba, kisha akaomba kikapu cha kahawa.

Hicho kikapu nacho kilikuwa na sheria yake. Ni kikapu kidogo cha ukindu, chenye kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa. Katika ukoo wa Rwekaza mwanamke hukileta, hupiga magoti, hukiweka mbele ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba huchukua punje moja, huitafuna yeye kwanza ili wageni waone haina ubaya, kisha hupitisha. Mwenye nyumba peke yake ndiye anayepitisha. Kokuberwa alikileta kikapu hicho utoto wake wote, na hakuwahi kukipitisha hata mara moja.

Wiki ya kabla ya kumaliza matanga alirudi kazini Muleba. Ilimbidi, kwa sababu sokwe hawasubiri msiba. Alifanya utafiti kwenye kisiwa kimoja kisichokaliwa na watu, ambako sokwe waliachiliwa zamani, wametolewa huku na huku, wakazaana. Wavuvi waliokwenda na kurudi pale waliwaita "wazee", na kisiwa wakakiita Kwa Wazee. Aliyemvusha alikuwa Minza, Msukuma mfanyabiashara wa dagaa, mwanamke mwenye boti yake mwenyewe na mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi ile walitembea msituni wakiangalia juu, mpaka wakaona viota vya majani ambamo wazee walikuwa wamelala. Wenyewe walishaondoka. Kokuberwa akavaa glavu, akainama chini ya viota, akaanza kuokota.

"Umesoma mpaka ukamaliza shule zote," Minza alisema, amejishika kiuno, "uje kuokota mavi."

"Ndani yake kuna chembe za utumbo. Kwenye chembe ndimo jenomu ilimo. Simgusi mnyama, simchomi sindano, na ananieleza kila kitu."

"Anakueleza nini?"

"Baba yake nani, mama yake nani. Bibi yake alitoka msitu gani, wa Kongo au wa Afrika Magharibi. Ukizichanganua nyingi ukazilinganisha, unarudi nyuma zaidi, mpaka enzi ambazo mababu wa sokwe hawa walichanganyika na bonobo, wale sokwe wembamba wa ng'ambo ya mto Kongo. Hata sisi tumo. Sokwe ndiye wa karibu yetu kuliko wote, lakini kuna vipande vya urithi wetu vinavyofanana na vya gorila kuliko vya sokwe. Hakuna ukoo ulionyooka, Minza. Baba yangu alikuwa anautaja kama kamba. Si kamba."

Minza alikaa juu ya gogo. "Na mabinti zao wanaolewa wapi?"

Kokuberwa alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Binti akishakua, kwa kawaida anaacha kundi lake anahamia jingine. Hapa wako makundi mawili, la kaskazini na la kusini. Dume habanduki alipozaliwa."

"Basi hao ni Wahaya kabisa!"

"Hilo nilishalisema redioni Bukoba, ila sikuwataja Wahaya." Akafunga kichupa, akaandika namba juu yake. "Ndiyo maana ukifuata urithi wa kiume peke yake, hujui safari. Unabaki palepale, baba, babu, baba wa babu, wote kilima kimoja. Ukifuata ule unaopita kwa mama ndipo unaona walivyotembea."

Minza aliangalia ziwa kupitia miti. Alijua habari ya kibanja, Muleba nzima ilijua. "Mimi kwa baba yangu niliambiwa ni wa kupita," alisema. "Nikaolewa. Mume wangu alipokufa, wakwe wakaniambia ni wa kuja. Wa kupita, wa kuja. Sasa kwangu ni kwenye boti. Wewe wakikufukuza, dada yangu, utahamia kundi gani?"

Kokuberwa alivua glavu, akazikunja, akaziweka kwenye mfuko wa taka. Alipokanyaga nchi kavu alikuwa amekata shauri, na aliposhuka Kanazi alimwambia mama yake jambo moja tu: hatoki, na mama hatoki, wafanye watakavyofanya.

Ma Agnetha alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho. "Waitu, mwanangu, hilo usiniambie mimi," alisema. "Mimi nilishajua sitoki tangu nilipopanda mgomba wa kwanza. Kawaambie wao."

Jumamosi ukoo ulikusanyika. Wanaume walikaa sebuleni na barazani, wanawake kwenye mikeka upande wa mlango wa jikoni. Chai na soda vilikuwa mbele. Rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa nyuma ya jiko, maana hii ni nyumba ya Kilutheri, na aliyeitaka aliijua njia. Kiti cha Mzee Rwekaza kilikuwa katikati, kitupu. Gozbert alikaa kando yake amevaa kanzu mpya inayomkwaruza shingo. Ma Agnetha alikipakata kikapu cha kahawa, tayari kumpelekea mrithi atakapokalishwa.

Ta Kahangwa, mkuu wa ukoo, aliomba, akafungua kikao, akauliza kama kuna mwenye neno. Desturi ni kwamba hakuna mwenye neno. Kokuberwa akasimama.

"Nina neno. Mimi na mama yangu hatutoki kwenye kibanja hiki. Kama mnataka mrithi, mrithi ni mimi."

Vikombe vilitulia. Ta Projestus ndiye aliyeinuka, na hakuinuka kwa hasira. Aliinuka anatabasamu, na hapo ndipo Kokuberwa alipojua kuna kitu kimeandaliwa.

"Ndugu zangu," alisema, "mtoto wetu amesoma, na sisi si watu wa kubishana na elimu. Kwa hiyo leo nimeleta shahidi wa kisomi. Shahidi wangu ni hao nyani wake."

"Sokwe," alisema Kokuberwa, bila kukusudia.

"Sokwe! Nilimsikia kwa masikio yangu redioni, Bukoba. Alisema dume la sokwe hukaa alipozaliwa, na jike likikua huondoka kwenda kundi jingine. Sasa, yeye mwenyewe anatwambia sokwe ni ndugu zetu. Nimekubali! Leo nimekubali! Ndugu zetu wamefuata mila hii tangu kabla ya Adamu. Dume hubaki, jike huondoka. Koku, mbele ya ukoo, ni kweli si kweli?"

Watu waliguna, wengine wakapiga makofi. Mtu aliyemcheka kwa ajili ya sokwe Krismasi zote leo amewavalisha kanzu na kuwakalisha meza kuu. Na lililo baya zaidi ni kwamba hakukosea. Kokuberwa angeweza kuukwepa ukweli. Pale sebuleni hapakuwa na mtu wa kumkosoa, angesema lolote likapita. Aliangalia kiti kitupu. Baba yake alipenda kusikiliza mtu anayejua kazi yake.

"Ni kweli," alisema.

Ta Projestus akaketi taratibu, kwa raha zote.

"Wote?" aliuliza Ta Kahangwa.

"Si wote, Ta. Wengi. Wapo majike wanaobaki."

"Wanabaki kwa nini?"

"Hatujajua vizuri. Mara nyingi ni yule ambaye mama yake ana nguvu kwenye kundi."

Macho yakaenda kwa Ma Agnetha. Yeye alikuwa anakiangalia kikapu chake kama hakusikia.

"Lakini sitajificha nyuma ya hao wachache," Kokuberwa aliendelea, na sauti ikaanza kupanda. "Baba mdogo, sikatai shahidi wako. Namjua kuliko wewe. Huyo shahidi wako, dume lake wakati mwingine huua kitoto cha jike jirani likakila. Na hiyo tuifanye mila? Huyo huyo hulala juu ya mti. Leo usiku nikuletee ngazi?"

Kicheko kilitokea upande wa mikeka, kikasambaa mpaka barazani. Hata Gozbert aliinamisha kichwa mabega yakimtikisika.

"Miaka yote ulisema sisi si sokwe. Umesema kweli. Mimi si sokwe. Nawasoma ili nijue tulikotoka, siwasomi ili wanielekeze nani afukuzwe. Undugu wetu nao ni wa zamani mno, haugawi vibanja."

"Hayo ni maneno tu!" alisema Ta Projestus. "Tunazungumza damu ya Rwekaza."

"Damu? Haya, njoo kwenye damu, hapo umenifuata nyumbani kwangu. Nusu ya urithi wa Rwekaza ninayo mimi, hapa, nimesimama nayo. Gozbert, mwana wa ndugu yake, anafanana na Rwekaza kama kwa robo. Kuna kipande kimoja ambacho baba humpa mtoto wa kiume peke yake. Gozbert anacho, mimi sina. Ni kipande kidogo sana, baba mdogo, kati ya vidogo kabisa tulivyo navyo. Kukalia kiti hiki mnataka hicho kipande tu?"

Mzee mmoja barazani akauliza jirani yake ni kipande gani hicho, akajibiwa kwa mnong'ono, akasema "Ahaa," na watu wakacheka tena. Kokuberwa hakucheka. Alikuwa amefika pale alipotaka kufika.

"Na hata hivyo sisemi damu. Ningekuwa sina hata chembe yake nisingetoka. Mtazameni mama yangu. Hana tone la Rwekaza. Lakini hakuna mgomba hapa usiojua mkono wake, na baba yangu amelazwa katikati ya migomba hiyo. Mtu huyo ndiye mnayemwambia akapumzike! Nendeni kortini Bukoba mkipenda, nitakuja, na najua sheria ya nchi inasemaje juu ya binti. Leteni wazee, leteni wachungaji, leteni na sokwe. Nitawapikia wote. Kutoka, sitoki."

Ta Kahangwa alijikohoza, akageukia wanawake, akafanya kile ambacho mkuu wa kikao hufanya mambo yakiwa mazito. "Jamani, kahawa," alisema.

Ma Agnetha akainuka. Alipaswa kwenda kwenye kiti, apige magoti mbele ya Gozbert. Alitembea polepole, magoti yake hayakuwa mazuri, akafika kwenye kiti, akakipita. Alisimama mbele ya binti yake. Hakupiga magoti, kwa sababu mama hampigii mwanawe magoti. Alikiweka kikapu mikononi mwa Kokuberwa, akaondoa mikono yake, akarudi mkekani.

Kokuberwa alikitazama kikapu. Kilikuwa chepesi kuliko alivyokikumbuka. Akachukua punje moja, akaivunja kwa meno, akaitafuna mbele yao wote. Uchungu ukamjaa mdomoni, kisha ile harufu ya majani. Akameza. Akamsogelea Ta Kahangwa, akamnyooshea kikapu.

Mzee alimwangalia, akaangalia kikapu, akaangalia kiti kitupu. Kila mtu mle ndani alijua ni nini anaombwa. Alikuwa mtu wa mila kuliko wote, na mila yenyewe ilikuwa imenyooshwa mbele yake mikononi mwa mwanamke. Mkono wake ulibaki hewani kidogo. Kisha akachukua punje, akatia mdomoni.

Hapo Ta Projestus alilipuka. Alisimama, akageukia barazani, akaanza kuhubiri: ukoo unauzwa mchana kweupe, kaka yake anageuka kaburini, watoto wa siku hizi wamesomeshwa na sasa wanatusomea! Kokuberwa hakumkatiza. Aliendelea kupitisha kikapu mtu kwa mtu. Gozbert alichukua punje haraka, na usoni alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Baraza nzima ilichukua. Akarudi sebuleni, akafika kwa Ta Projestus, akamnyooshea kikapu pale pale katikati ya hotuba.

Na Ta Projestus, ambaye amekuwa akinyooshewa kikapu hicho ndani ya nyumba hiyo tangu alipoota ndevu, hakuangalia hata nani anayekinyoosha. Mkono ulijiendea wenyewe. "Nasema kwenye nyumba hii," alisema, punje ikaingia mdomoni, "kwenye nyumba hii hakuna," akaivunja, "hakuna mwanamke," akatafuna, "atakayekuja..."

Akanyamaza. Taya zikasimama. Hakuna aliyecheka, na kutocheka kwao ndiko kulikomwonyesha alichofanya.

Alikuwa na njia mbili. Kutema, na kwao anayetema kahawa ya nyumba anasema mwenye nyumba ni mchawi, tena anasema mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Au kumeza. Alisimama na punje yake mdomoni, macho yamemtoka, jasho likimshuka kwenye kola, akimtazama binti wa kaka yake. Kokuberwa hakuinamisha macho. Alimsubiri.

Ta Projestus akameza.

Kokuberwa akakiweka kikapu juu ya kiti cha baba yake. "Nyegera waitu, baba mdogo," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka jikoni. "Karibu kwangu."